Mkorosho na ganda lake linalounguza

Korosho hutufikia madukani zikiwa zimekwisha kubanguliwa, nyeupe, ndani ya kifuko. Ndiyo maana wanafunzi wetu wengi hudhani zinachimbwa ardhini kama karanga. Sivyo. Huzaliwa juu ya mkorosho, mti ambao Wareno waliutoa Brazili wakauleta pwani ya Afrika ya Mashariki katika karne ya 16. Leo umejaa Msumbiji, Mtwara na Lindi huko Tanzania, na Kilifi huko Kenya. Hupenda joto na udongo wa mchanga, na wakati wa kuchanua hutaka kiangazi. Baridi ya milima ya Kivu hauiwezi.

Namna unavyozaa inatushangaza hata sisi walimu. Kwanza hutokea korosho yenyewe, ya kijani, imepinda kama figo. Baadaye kikonyo chake huvimba, kikawa chekundu au cha manjano na kujaa maji. Hilo ndilo bibo. Watu huliita tunda, kumbe tunda la kweli ni ile korosho inayoning'inia chini yake! Bibo lina vitamini C kushinda chungwa, ila hukausha ulimi, na doa lake nguoni ni kazi kulitoa. Likianguka huoza upesi, ndiyo sababu halifiki kwetu.

Sasa ganda. Ndani yake mna mafuta makali yanayounguza ngozi. Mtoto aking'ata korosho yenye ganda, midomo hutoka malengelenge. Moshi wake wakati wa kuchoma huumiza macho na kifua, na wanawake wanaobangua kwa mikono hupaka vidole majivu au mafuta ya kupikia. Kwetu hatari hii tunaijua kwa njia nyingine: mwembe ni wa jamaa moja na mkorosho, na utomvu wa embe unaochubua midomo ya watoto wetu unafanana na mafuta hayo. Tuoshe embe, tulimenye, ndipo tumpe mtoto.

Korosho nzima asipewe mtoto wa chini ya miaka 5, inaweza kumkaba. Tuisage, tuitie katika uji. Mara ya kwanza iwe kidogo sana, tukimtazama, kwa sababu wako watoto ambao mwili wao huikataa. Uso ukivimba au pumzi ikibana, twende kituo cha afya saa ile ile.