Fahamu: Gamergate ni nini, na inamhusuje mwanzilishi wa tovuti ya magemu?

Gamergate ni mzozo uliozuka mtandaoni nchini Marekani Agosti 2014. Mtengenezaji wa magemu Zoë Quinn alituhumiwa kunufaika na uhusiano wake na mwandishi wa habari. Mwandishi huyo hakuwahi kuandika uhakiki wa gemu la Quinn.

Pande mbili
Waliojitambulisha kwa jina la Gamergate walisema wanadai uwazi kwa waandishi wa magemu, na baadhi wakageukia tovuti mpya za magemu. Dai la uwazi ni halali. Lakini Quinn, mkosoaji Anita Sarkeesian na mtengenezaji Brianna Wu waliandamwa kwa vitisho vya kuuawa, na hilo halina utetezi. Oktoba 2014 Sarkeesian alifuta mhadhara wake katika chuo kikuu kimoja cha Utah baada ya chuo hicho kutishiwa mauaji ya halaiki.

Karagwe na Kyerwa
Hapa Tanzania, kijana wa Kayanga wilayani Karagwe au Nkwenda wilayani Kyerwa anayefungua tovuti ya magemu atakutana na wasomaji wenye hasira zilezile. Azijue sheria mapema: ile ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inakataza unyanyasaji mtandaoni, na kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2018 zilileta leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) kwa wenye blogu.