Uhai wa Krediti za Umahiri kwa Wanafunzi Walio Kazini Kisiwani Pemba

Katika elimu ya juu nchini Tanzania, krediti ni kipimo cha kazi ya mwanafunzi. Mfumo wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) huhesabu krediti 1 kuwa sawa na saa 10 za kujifunza, zikiwamo za mihadhara, za kujisomea na za mitihani. Kozi ya krediti 12, basi, ni saa 120. Kwa mwalimu wa sekondari wa Wete au Chake Chake anayesoma usiku baada ya vipindi, na pengine akiwa na mikarafuu ya kuangalia wakati wa mchumo, kuzipoteza saa hizo ni hasara isiyofidika.

Hasara hiyo aghalabu huanzia katika dhana kwamba kozi aliyoifaulu mtu ni mali yake daima. Alama hubaki katika kumbukumbu za chuo, lakini uwezo wa kuzitumia kupatia shahada hutegemea usajili ulio hai. Vyuo vingi vya Marekani huipa kozi yenyewe umri, kwa kawaida kati ya miaka 5 na 10. Katika vyuo vya Tanzania kinachowekewa ukomo zaidi ni muda wa programu nzima, na muda huo huendelea kuhesabiwa hata pale mwanafunzi anaposubiri maoni ya msimamizi kuhusu pendekezo la utafiti.

Ndiyo maana, katika programu ya kozi na tasnifu, kipindi cha hatari hasa ni kile kinachofuata mtihani wa mwisho. Kozi zimekwisha, ratiba haipo tena, na kazi ya ajira inarudi kuchukua nafasi yake. Mtafiti wa lahaja ya Kipemba yumo katika hatari zaidi, ingawa inaonekana kinyume: anaishi ndani ya data yake, hivyo ni rahisi kwake kuamini kwamba hakuna haraka. Kweli data haiendi kokote. Muda wa usajili unakwenda.

Kinga iliyopo ni kuahirisha masomo, na kunyamaza si kuahirisha. Maombi hupelekwa kwa maandishi kabla ya muda kwisha, yakiambatanishwa na sababu na uthibitisho wake, na jibu la chuo huhifadhiwa kwa maandishi vilevile. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa Sheria Na. 17 ya mwaka 1992, anaweza kuanzia katika kituo cha Pemba bila kuvuka bahari.

Muda ukishapita, hubaki njia ya kuhamisha krediti, nayo ni nyembamba. Chuo kipokeacho hakiangalii alama pekee. Hulinganisha maudhui, ngazi ya kozi na ithibati ya chuo kilichoifundisha. Nakala ya matokeo peke yake haielezi kilichofundishwa. Kinachohitajika ni muhtasari wa kozi wa mwaka uleule aliosoma mwanafunzi, kwa kuwa mitaala hupitiwa upya, misimbo ya kozi hubadilishwa, na wakati mwingine kozi hufutwa kabisa. Nakala za zamani zilizoandikwa kwa uniti huongeza kazi nyingine ya kuzigeuza ziwe krediti. Muhtasari huo hupatikana kwa urahisi muhula unapomalizika, wakati mhadhiri aliyeuandaa bado yupo idarani.