Moteri ya pikipiki ndani ya Citroën 2CV: nguvu mara tatu, lakini freni je?

Huko Ulaya, siku ya mkutano wa magari ya zamani, unaweza kuona Citroën 2CV ikipita barabarani na usishangae kitu. Paa lake ni turubai, taa zake mbili za duara zimetoka nje kama macho ya chura, milango yake ni myembamba kama bati. Lakini dereva anapokanyaga, ile sauti ya kukohoa ambayo kila mpenzi wa gari hili anaijua haisikiki. Kunatoka mngurumo mzito, na gari linaruka mbele kama limesukumwa. Ukifungua kapo, unakuta moteri yenye maandishi ya BMW. Si ya gari, ni ya pikipiki.

Kazi hii inafanywa na mafundi wa Ufaransa, Uholanzi, Ujerumani, Ubelgiji na Uingereza tangu miaka mingi. Wengine wanaifanya katika garaji ya nyumbani, usiku baada ya kazi. Kwa fundi wa kwetu, aliyezoea kuona moteri ikihama kutoka gari moja kwenda lingine, wazo lenyewe si geni. Kinachofaa kutazamwa ni kwa nini wamechagua moteri hii na si nyingine, na mahali ambapo hatari inajificha.

Tuanze na gari lenyewe. 2CV ilionyeshwa Paris mwaka wa 1948. Mkuu wa Citroën wakati wa kulibuni, Pierre-Jules Boulanger, alikuwa ameomba gari la mkulima: libebe watu wawili na kilo 50 za viazi, liende km 60 kwa saa, na lisile mafuta mengi. La kwanza lilikuwa na moteri ya cm³ 375 na nguvu za farasi 9 tu. Ndiyo, 9! Leo pikipiki nyingi za wamotari wetu zinakaribia hapo au zinapita. Mwaka wa 1990, gari la mwisho lilipotoka kwenye kiwanda cha Mangualde, Ureno, moteri ilikuwa imefika cm³ 602 na nguvu za farasi 29. Magari zaidi ya milioni 3,8 yalikuwa yamekwisha kutengenezwa.

Moteri hiyo haina maji wala radiateri. Ina silinda mbili zilizolala, moja kulia, nyingine kushoto, na feni mbele inayopuliza hewa juu yao. Ni moteri ngumu isiyokufa ovyo. Lakini farasi 29 kwa gari la kilo karibu 600 ni kidogo kwa barabara kuu za leo. Mwendo wa juu ni km 115 kwa saa, tena kwa barabara tambarare na upepo ukikubali. Mlimani, ukiwa na watu wanne ndani, malori yanakupigia honi nyuma. Hapo ndipo mwenye gari anapoanza kufikiri kutafuta moteri nyingine.

Mtu anaweza kuuliza: mbona wasichukue moteri yoyote ya pikipiki yenye nguvu? Zipo za Kijapani zinazopita farasi 150. Jibu wamotari wa Goma au Bukavu watalielewa haraka kuliko watu wengine. Tazama pikipiki ya kawaida: moteri na buati ya vitesi viko ndani ya sanduku moja, ambreyaji inaogelea ndani ya mafuta, na nguvu inatokea pembeni kwenda kwenye mnyororo. Na haina mwendo wa kurudi nyuma. Ukiiweka kwenye gari, lazima utafute njia ya kugeuza nguvu iende kwenye magurudumu mawili, na kifaa kingine cha kurudisha gari nyuma. Kuna wanaofanya hivyo, zaidi kwa magari ya mashindano kama Fiat 500 za zamani, ambazo nazo zinapozwa kwa hewa. Ni kazi kubwa na ya pesa nyingi.

BMW ni kitu kingine. Tangu pikipiki yake ya kwanza, R 32 ya mwaka wa 1923, kampuni hiyo iliweka silinda mbili zilizolala, moja kila upande, na chuma kinachozungushwa na pistoni kikaelekea mbele na nyuma, sawasawa na 2CV. Buati ya vitesi ni sanduku la peke yake, limefungwa nyuma kwa vis. Ambreyaji ni kavu, kama ya gari. Ukiondoa buati ya pikipiki, umebaki na moteri ambayo ni kama dada mkubwa wa ile ya Citroën. Inasimuliwa hata kwamba Walter Becchia, injinia aliyechora moteri ya 2CV, alifungua kwanza moteri ya pikipiki ya BMW ili aisome. Basi ndoa hii si ya watu wasiojuana.

Kwa hiyo fundi anabakiza buati ya Citroën yenye vitesi vinne na kurudi nyuma, na ule mkono wa kubadilisha unaotoka kwenye dashibodi. Kati ya moteri na buati anaweka bamba nene la alumini: upande mmja matundu ya BMW, upande wa pili matundu ya Citroën.

Bamba hilo ndilo moyo wa kazi yote. Ukiliona mezani unadhani ni kitu cha bure, kipande cha chuma chenye matundu. Lakini chuma kinachotoka kwenye buati lazima kiingie katikati kabisa ya ambreyaji. Kikikosa hata sehemu ndogo ya milimita, mwanzoni gari litatembea vizuri na mwenyewe atafurahi. Baada ya muda sauti inaanza, kisha rulema zinakufa, kisha buati inafunguliwa. Ndiyo maana wengi wanapeleka bamba kuchongwa kwenye mashine inayoongozwa na kompyuta. Kuchonga kwa macho na tupa, hapana.

Tatizo la pili ni joto, na hapa wengi wanadanganyika na neno "kupozwa kwa hewa". Moteri ya pikipiki inapozwa na upepo wa safari: iko nje, wazi, upepo unaipiga. Iweke chini ya kapo, simama katika msongamano wa mji saa ya mchana, upepo unatoka wapi? BMW wenyewe walilijua jambo hili zamani. Katika miaka ya 1950 waliuza magari madogo yenye moteri za pikipiki: Isetta ya mwaka wa 1955, kisha BMW 600 ya mwaka wa 1957, iliyotumia moteri ya silinda mbili iliyotokana na pikipiki zao. Katika magari hayo waliongeza feni na mabati ya kuelekeza hewa. Fundi wa leo anapaswa kufanya vilevile: radiateri ndogo ya mafuta ya moteri, feni ya umeme, na njia ya hewa inayofika kweli kwenye silinda. Asiyefanya hivyo anapika moteri yake polepole.

Kuchagua mfano wa moteri nako kuna akili yake. BMW R 100 ya zamani, cm³ 980, inatoa kati ya farasi 60 na 70 na ina karburateri mbili. Fundi yeyote anaweza kuzirekebisha kwa tournevis na sikio. R 1100, iliyokuja katika miaka ya 1990, inafika farasi 90 katika baadhi ya mifano, lakini inasukumiwa esansi kwa kompyuta. Lazima uhamishe kompyuta hiyo na nyaya zake zote, uweke pampu ya umeme yenye nguvu na bomba la kurudisha mafuta kwenye tangi. Kwa maoni ya mwandishi wa makala haya, ile ya karburateri ndiyo inayofanana na roho ya gari. Farasi 60 tayari ni mara mbili ya zile za kiwandani.

Na hapa tunafika kwenye jambo ambalo video za kwenye simu hazilionyeshi sana. Zinaonyesha gari likikimbia. Kusimama kwake hazikuonyeshi.

Moteri ya R 1100 inavuta kwa nguvu ya kuzungusha zaidi ya mara mbili ya ile ya 602. Buati ya Citroën, iliyotengenezwa kwa farasi 29, inapokea mzigo huo wote kwenye meno yake, na vyuma viwili vinavyopeleka nguvu magurudumuni pia. Dereva akiachia ambreyaji kwa hasira, meno yanavunjika. Buati bado inanunulika. Freni ndizo za kuogopa zaidi. Gari linalokwenda km 160 kwa saa lina karibu mara mbili ya nguvu ya mwendo kuliko likiwa kwenye km 115, na nguvu hiyo yote lazima imezwe na freni zilezile na matairi yenye upana wa milimita 125 tu. 2CV za kabla ya mwaka wa 1981 hazina hata disiki mbele, zina ngoma. Citroën wenyewe, walipoweka moteri ya silinda nne ya GS ndani ya ndugu ya 2CV, yaani Ami Super ya mwaka wa 1973, hawakubadilisha moteri peke yake. Gari hilo lilikuwa na disiki mbele. Hiyo ilikuwa kwa nguvu za farasi kama 53 hivi. Mtu anayeweka 90 na kuacha ngoma za mwaka wa 1970 amejitengenezea ajali, na aliye mbele yake barabarani hakuulizwa.

Serikali za huko zinajua hivyo. Ujerumani, mabadiliko makubwa kama haya yanaweza kufuta kibali cha gari kutembea mpaka mkaguzi alipime na kuyaandika kwenye karatasi zake. Ufaransa, mwenye gari anapitia ukaguzi wa gari moja moja, na mafaili yake si mepesi. Uingereza, hadi mwaka wa 2025, kulikuwa na hesabu ya alama: gari lililobadilishwa sana lilipaswa kubaki na alama 8 ili lihifadhi plaki yake, na moteri ilihesabiwa alama 1 tu wakati shasi ilikuwa 5. Maana yake, kwa macho ya sheria hiyo, 2CV yenye moteri ya BMW ilibaki kuwa 2CV, mradi shasi ilikuwa yake.

Wapenzi wa magari ya zamani wenyewe hawakubaliani. Kuna wanaosema gari bila moteri yake ni nyumba bila mwenyewe. Wengine wanajibu kwamba afadhali gari linalotembea kila siku kuliko lililofunikwa nguo mwaka mzima. Mafundi wenye busara wamepata njia ya katikati: hawakati shasi, wanatumia matundu yaleyale ya kiwanda kushikia moteri mpya, na kila waya wanaouongeza unaweza kuondolewa. Moteri ya zamani wanaipaka mafuta, wanaziba matundu yake kwa vitambaa, na kuiweka kwenye kona ya garaji, juu ya mbao, ikisubiri siku mwenye gari atakapoitaka tena.