Mdogo Wako, Gari na Swala wa Mikumi

Mdogo wako kapata leseni, anataka gari aende kwa bibi Chanzuru. Poa! Ila akirudi kwa kupitia Kilosa na Mikumi, anakatiza hifadhi: kilomita 50 hivi za swala, nyati na twiga.

Gari la chini likimgonga twiga, miguu inapigwa, mwili unaangukia kioo. La juu nalo likikatwa kona ghafla, linapinduka. Kwa hiyo usiangalie ukubwa tu: angalia breki za ABS, matairi, taa na mikanda.

Mwambie apite mchana, afuate vibao vya mwendo. Swala akitokea, akanyage breki bila kukata usukani. Mmoja akivuka, wenzake wanafuata. Mnyama akigongwa kuna faini. Gari lina spea. Mdogo wako hana.