Tableti Ikikuambia Uifomati Kadi, Usiguse

Mhariri kaniomba niandike kidogo kuhusu kamera ya chama, maana kila tukimaliza shughuli haikosi mtu kunijia na tableti mkononi, uso umekunjamana, anasema picha hazihami. Haya ninayoeleza mimi sikuyasoma darasani. Mengi niliyapata kwa jasho, usiku mmoja wa mahafali, Julai 2023.

Dada mmoja wa kwetu alikuwa amemaliza masta. Mama yake alikuja kutoka Tanga, mara yake ya kwanza kupanda ndege. Baba alibaki nyumbani kwa sababu ya maradhi, safari ndefu haiwezi tena. Mpiga picha nilikuwa mimi, na nilipiga picha 214. Mpango wetu ulikuwa ziingie zote kwenye tableti ya mtumba aliyonunuliwa mama, ili mzee azitazame kwa ukubwa akiwa kitandani, siyo kukodolea macho kisimu kidogo. Basi la kwenda uwanja wa ndege lilikuwa saa 8 usiku. Laptopu ya dada ilishaondoka na maboksi ya meli, yangu ilikuwa kwa fundi, na hosteli ilikuwa karibu tupu. Tulisema tunaweza kuzituma baadaye kwa intaneti, lakini mama alishaahidi kuingia nyumbani nazo mkononi.

Basi nikachomoa kadi. Kadi ya kamera yetu ni ile ndogo kama ukucha, inayovalishwa gamba ili itoshe kwenye kamera. Nikaichomeka ubavuni mwa tableti. Kioo kikaandika: kadi imeharibika, gusa hapa uifomati. Mama ndiye aliyekuwa ameishika, na kidole kikaanza kushuka.

"Mama, usiguse!" Nilipaza sauti mpaka nikaona haya.

"Mwanangu, si yenyewe imesema niguse?"

Kweli ilisema. Lakini kufomati ni kufuta kila kitu na kuanza upya, na kadi yenyewe haikuwa na ubaya wowote. Jambo ni hili: kadi nyingi za SD zenye GB 32 kushuka chini hupangwa kwa mtindo unaoitwa FAT32. Zinazozidi hapo, yaani GB 64 na kuendelea, hupangwa kwa exFAT. Tableti nyingi za Android za zamani, hasa zile za bei nafuu, zinajua FAT32 tu. Ni kama kumpa barua ya hati za Kiarabu mtu aliyefundishwa herufi za Kirumi peke yake. Barua haina kosa, ila yeye atakwambia hapa pamechorwachorwa tu. Tofauti ni kwamba tableti inajitolea na kuifuta barua yako.

Kwa hiyo ukiona maneno hayo, chomoa kadi uirudishe kwenye kamera. Kamera ikikuonyesha picha zako, kadi ni nzima na tatizo liko kwa msomaji. Na kama ulishagusa? Usipige hata picha moja tena na kadi ile. Mara nyingi kufomati kwa haraka kunafuta orodha tu, picha zenyewe zinabaki mpaka kitu kipya kiandikwe juu yake. Tafuta kompyuta, weka programu ya bure inayoitwa PhotoRec, na zile zitakazookolewa uzihifadhi pengine, siyo kwenye kadi ileile.

Tukaacha kadi, tukashika waya. Nikaunganisha kamera na tableti, kimya. Kamera ikawa inachajiwa tu. Hapa wengi wetu tunaliwa. Waya wa kawaida wa USB una nyuzi nne ndani, mbili za umeme na mbili za kupitisha data. Nyaya nyingine zinazouzwa rahisi, au zinazokuja na taa na spika, zina zile mbili za umeme peke yake. Kwa nje huwezi kuzitofautisha. Ukiona betri inajaa lakini picha hazionekani, badilisha waya kabla hujalaumu kitu kingine. Waya ukiwa mzuri, ingia kwenye menyu ya kamera, sehemu ya USB, ujaribu kubadilisha namna ya kuunganisha: MTP, PTP, au ile inayoifanya kamera ionekane kama diski. Tableti inayokataa moja huenda ikakubali nyingine.

Wenye iPad za tundu la Lightning mna adapta yenu, na pengine mmeshaona inalalamika kwamba kifaa kinataka umeme mwingi. Hiyo nayo haina maana kwamba kamera ni mbovu. Tumia ile adapta yenye tundu la pili la chaja, uichomeke ukutani. Halafu, mkiwa mmewahi kupanga picha upya kwenye kompyuta na kuzipa majina marefu, programu ya Picha huenda isizione kabisa, maana inatafuta folda iitwayo DCIM yenye majina mafupi kama kamera ilivyoyaandika. Tangu iOS 13 ya mwaka 2019, programu ya Faili inaweza kusoma kadi moja kwa moja, ijaribuni hiyo. Mkiulizwa mwishoni mfute au mbakize, bakizeni.

Sisi waya wa pili hatukuwa nao. Ikabaki waifai. Kamera yetu inatengeneza mtandao wake yenyewe, tableti inajiunga nao, picha zinapita. Tukajiunga, picha mbili zikapita, tukakatika. Tukajiunga tena, tukakatika. Saa nzima imekwenda, mama anafunga mabegi, dada ananung'unika. Mwishowe nikaangalia juu ya kioo nikacheka: tableti ilikuwa inarukia eduroam. Mtandao wa kamera hauna intaneti, na tableti ikiona hivyo hutafuta wenye intaneti, na hapa chuoni eduroam iko hata chooni. Dawa ni kuiambia tableti iisahau eduroam kwa muda, na kuzima VPN kama unayo. Ikikuuliza kama ubaki kwenye mtandao usio na intaneti, kubali. Kwenye iPad hakikisha pia programu ya kamera imeruhusiwa kutumia mtandao wa karibu.

Zikaanza kutiririka, mpaka nikashangaa kasi. Kumbe sababu ipo. Mama akaikuza picha ya cheti asome jina la binti yake, herufi zikawa ukungu. Programu nyingi za kamera, usipoziambia vingine, hutuma picha zilizopunguzwa mpaka megapikseli 2. Kwenye simu hutaona. Ukikuza, au ukipeleka studio kusafisha picha ya ukutani, utajuta. Nikabadilisha kuwa saizi ya asili, tukaanza upya, safari hii tukitanguliza alizozichagua mama.

Saa 7 na nusu betri ya kamera ikakata roho. Picha 160 zilikuwa zimeingia. Nyingine nilizituma wiki iliyofuata. Siku mbili baadaye dada alinisikilizisha sauti ya mzee: alikuwa amezitazama zote, sasa anauliza yule mzungu mwenye joho jekundu na kofia kama ya keki ni nani, na kwa nini anampa binti yake mkono wa kushoto. Sikuwa na jibu.

Kamera iko kwa katibu. Kadi iliyomo sasa ni ya GB 32, na mfukoni nimetia waya mfupi uliofungwa utepe mwekundu. Huo unapitisha picha. Ukiuazima kuchajia simu, tafadhali urudishe.