Upele: Usimtibu Mtoto Peke Yake

Huenda umewahi kulala chumba kimoja na mtoto mwenye upele. Mchana hucheza kama wenzake. Usiku, akishajifunika na mwili kupata joto, ndipo kazi huanza. Anajikuna vidoleni, anajikuna kiunoni, anajikuna makalioni, analia, analala kidogo, kisha anaamka tena. Asubuhi shuka lina madoa ya damu, na mtoto anasinzia darasani. Mwalimu anasema mtoto huyu ni mvivu. Si mvivu, hakulala.

Ugonjwa huu umedharauliwa siku nyingi. Wazee watakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, tulipokaa katika vikundi kuzunguka redio na kujifunza juu ya malaria, safura, kuhara, kichocho na kifua kikuu. Upele ulionekana ni jambo la kukuna tu. Ni mwaka 2017 ndipo Shirika la Afya Duniani lilipouingiza katika orodha ya magonjwa ya nchi za joto yasiyopewa kipaumbele. Sababu yake utaiona hapa chini.

Upele huletwa na mdudu mdogo mno, ambaye huwezi kumwona vizuri kwa macho. Jike lake huchimba njia ndani ya ngozi ya juu, na humo hutaga mayai 2 au 3 kila siku. Mayai huanguliwa baada ya siku 3 au 4, na katika muda wa wiki 2 hivi watoto wake nao wamekomaa. Jambo la ajabu ni kwamba mgonjwa wa kawaida huwa na wadudu 10 hadi 15 tu mwili mzima. Kinachomwasha ni mwili wake kuwakataa wadudu hao pamoja na mayai na uchafu wao.

Mdudu huyu haruki wala hapai. Hutembea kutoka ngozi hadi ngozi, watu wanapolala pamoja, wanapobebana au kushikana mikono kwa muda mrefu. Kwa hiyo tuache kumwambia jirani kwamba watoto wake wana upele kwa kuwa yeye ni mchafu. Mtoto anayeoga mara 2 kwa siku ataupata akilala na mwenzake mwenye nao. Aibu hii imewafanya akina mama wengi kuwaficha watoto ndani, na ugonjwa ukazidi kuenea.

Mkague mtoto kwenye mwanga wa jua. Tazama katikati ya vidole, viwiko na mikono mahali pa kuvaa saa, makwapa, kiuno, makalio, na kwa mtoto wa kiume sehemu zake za siri. Kwa mtoto mchanga tazama pia viganja, nyayo na kichwa. Ukiona vipele vidogo vinavyowasha zaidi usiku, na kuna mtu mwingine nyumbani anayejikuna, basi huo karibu hakika ni upele. Ukiona duara lenye magamba kichwani na nywele zimekatika, hayo ni mapunye. Mapunye hayaponi kwa dawa ya upele, yanataka vidonge kutoka zahanati.

Waswahili husema upele humwota asiye na kucha. Kwa watoto wetu mambo ni kinyume: kucha wanazo, na kucha hizo ndizo zinazoleta hatari. Mtoto akijikuna huchubuka, bakteria huingia, na vipele hugeuka kuwa vidonda vyenye usaha na gamba la rangi ya asali. Baadhi ya bakteria hao wanaweza kusababisha madhara ya figo wiki chache baadaye, hata kama kidonda chenyewe kimeanza kukauka. Mtoto anaamka uso umevimba, hasa kuzunguka macho, na mkojo wake ni mchache na wenye rangi nyeusi kama chai kavu. Wengine hudhani amenenepa, na wengine husema amelogwa. Ukiona dalili hizo, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo, na umweleze mganga kwamba mtoto alikuwa na upele. Neno hilo moja litamsaidia sana.

Sasa tuje kwenye tiba. Dawa inayopatikana kwa urahisi katika zahanati na maduka ya dawa ni ile ya maji meupe kama maziwa, iitwayo BBE. Ile yenye nguvu ya asilimia 25 ni ya watu wazima na watoto waliozidi miaka 12. Kwa mtoto wa miaka 2 hadi 12, ichanganye na maji safi kwa kipimo sawa, yaani kijiko 1 cha dawa kwa kijiko 1 cha maji. Mtoto aliye chini ya miaka 2 mpeleke kwanza zahanati. Huko wanaweza kumpa mafuta ya salfa, au kukuonyesha namna ya kuipunguza dawa zaidi na muda wa kuiacha mwilini. Mama mjamzito naye amwulize muuguzi kabla ya kujipaka.

Muogeshe mtoto jioni kwa sabuni, mkaushe, umkate kucha. Kisha mpake dawa kuanzia shingoni hadi nyayoni, pote, si pale panapowasha tu. Wengi hukosea hapa. Pitisha dawa katikati ya vidole vya mikono na miguu, chini ya kucha, kitovuni na katikati ya makalio. Isiingie machoni wala mdomoni. Akinawa mikono, mpake tena mikononi. Iache kwa saa 24, muogeshe, kisha mpake mara ya pili na uiache tena saa 24. Dawa hii huchoma kidogo, mwambie mapema ili asishtuke. Akiwa na vidonda vyenye usaha, usianze kwa BBE. Osha vidonda kwa maji na sabuni, lainisha magamba yatoke, na umpeleke zahanati apate dawa ya usaha kwanza.

Siku hiyo hiyo unayompaka mtoto, wapake watu wote mnaolala nyumba moja, na hata yule asiyejikuna. Mtu anayeambukizwa mara ya kwanza hukaa wiki 3 hadi 6 bila kuwashwa, huku wadudu wanamtembelea na anawagawa kwa wengine. Mara nyingi anayesahauliwa ni bibi, ambaye wajukuu hulala naye. Watoto wanapona, wanarudi kitandani kwa bibi, na baada ya siku chache wanajikuna upya. Kisha dawa ndiyo inayolaumiwa!

Najua utasema dawa ni fedha. Ni kweli, chupa ndogo haitoshi nyumba ya watu 7. Lakini kununua chupa 1 leo kwa mtoto mmoja, na nyingine mwezi ujao kwa mwingine, ni kutupa fedha zote. Kama hakuna mtoto mwenye usaha, ni afadhali mkusanye fedha kwa wiki 1 au 2 mpate dawa ya kutosha nyumba nzima kwa siku moja. Mwenye usaha asisubiri.

Mdudu huyu akitoka mwilini hufa baada ya siku 2 au 3. Kwa hiyo fua kwa maji ya moto nguo na mashuka mliyotumia siku 3 zilizopita, uyaanike juani. Usisahau khanga ya kumbebea mtoto na sweta ya shule. Pale penye shida ya maji, funga nguo ndani ya mfuko wa plastiki kwa siku 3 kamili. Magodoro na mikeka itoke nje ipigwe na jua. Baada ya kumaliza kupakwa, mtoto anaweza kurudi shuleni.

Kuna jambo moja linalonitia hofu kuliko upele wenyewe. Katika sehemu za wafugaji wapo wanaochukua dawa ya kuogeshea ng'ombe na kumpaka mtoto, kwa kuwa inaua kupe. Dawa hiyo hupenya ngozini ikaingia damuni, hasa ngozi ikiwa imechubuka. Mtoto anaweza kutapika, kulegea, kupata degedege na kufa. Huko kusini nako usichukue salfa ya kupulizia mikorosho, hiyo imetengenezwa kwa ajili ya majani. Mafuta ya taa na maji ya betri nayo huunguza. Na wale wanaopata vidonge vya usubi katika ugawaji wa dawa, wasivibakize ili kumpa mtoto mwenye upele. Ni kweli vidonge hivyo hutibu upele pia, lakini havipewi mtoto wa chini ya kilo 15 wala mama mjamzito, na kipimo chake hutolewa na mganga.

Baada ya tiba mtoto ataendelea kuwashwa kwa wiki 2 mpaka 4, kwa sababu wadudu waliokufa bado wamo ngozini. Usiendelee kumpaka dawa kila siku, utamwunguza bure. Mkague tena kila wiki kwenye mwanga wa jua. Muwasho ukipungua siku hadi siku, subiri. Wiki ya 4 ikipita na vipele vipya vinatokea, yumkini kuna mtu katika nyumba yako, au nyumba ambayo watoto huenda kulala, ambaye hakupakwa. Mtafute huyo kabla hujanunua chupa nyingine.