Umbo Ndilo Linalorudisha Mwanga

Mchoro wa dhahania usio na sura wala mandhari, rangi moja tu juu ya turubai, huishi kwa mwanga unaoangukia uso wake. Ndiyo maana swali lile lile halikomi: je, chupa iliyopondwa, au obsidiani ya Eburru, ikichanganywa na rangi, mchoro utang'aa kama mistari ya barabarani? Hautang'aa.

Mistari ya barabara kuu ya Nakuru kwenda Nairobi huonekana usiku kwa shanga za kioo, nyingi zikiwa na kipenyo kisichofika milimita moja. Mwanga wa taa za gari huingia ndani ya ushanga, hupinda, hugonga rangi iliyo nyuma yake, hupinda tena ukitoka na kurudi ulikotoka. Kazi hiyo hufanywa na umbo la mviringo. Kipande cha chupa kina pembe na nyuso zisizolingana, hivyo hutawanya mwanga ovyo. Obsidiani ni kioo cha volkano, na humeremeta ikipasuliwa kwa kuwa uso wake mpya ni laini. Ikisagwa, ulaini huo huangamizwa, hubaki unga uliofifia. Dai kwamba kusaga zaidi huongeza mng'ao ni upotoshaji mtupu, na vumbi lake huumiza macho na mapafu.

Vanishi nayo haiokoi kitu. Kioo cha kawaida na vanishi ya akriliki hupinda mwanga kwa kiwango kinachokaribiana, takriban 1.5. Ushanga uliofunikwa kabisa huwa kama haupo. Sharti nusu yake izame katika rangi na nusu ibaki hewani.

Mchoraji wa Marekani, Mary Corse, alianza kutumia shanga hizo mwaka 1968, baada ya kuona alama za barabara zikiwaka jioni huko Malibu. Katika michoro yake myeupe, ukanda unaong'aa hufifia mtazamaji anaposogea. Michoro hiyo haizalishi mwanga, na gizani haionekani.

Njia zinazofaa ni hizi. Shanga za alama za barabara hunyunyizwa juu ya rangi ikiwa bado mbichi, bila vanishi juu yake. Asiyetaka shanga atumie mika, madini yanayometa, au afuate Pierre Soulages wa Ufaransa, ambaye kuanzia 1979 alichora michoro ya weusi mtupu, akipishanisha mifereji ya brashi na sehemu laini. Diatomaiti, mwamba mwepesi unaochimbwa Kariandusi karibu na Gilgil, hupunguza mng'ao wa rangi. Ukanda uliofifishwa nayo huupa nguvu ule unaong'aa kando yake. Barakoa ivaliwe wakati wa kuichanganya. Mchoro wa shanga utundikwe ukutani mkabala na dirisha au taa, ili mwanga utoke nyuma ya mtazamaji.